Fundi Aliyetengeneza Safari za Wenzake

Nyumba ninayoisimulia imepakana na yangu, na gereji yake i ng'ambo ya ukuta wangu. Wenyewe wameniruhusu kuitaja habari yao. Baba mwenye nyumba ndiye aliyenihimiza zaidi: "Maalim, iseme mbele za watu. Mimi nikitaka kuisema, siifikishi mwisho." Basi nitegeeni sikio, ndugu zangu, na wala mtu asiisikilize ili kuokota aibu ya jirani. Kila mmoja na aipekue ya kwake.

Habari ilianza Jumapili moja, baada ya sala ya alasiri. Sebule yao ni ndogo: makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, meza fupi katikati, na dirishani cherehani ya mama, ambaye hushona sare za shule. Siku hiyo mama alikuwa akitia vifungo. Bibi, mzaa baba, alikuwa amenyoosha miguu mkekani akijipepea na gazeti. Binti yao wa pekee, aliyehitimu kidato cha mwisho kwa alama za kujivunia, aligeuza kalenda ya mwaka uliopita, akaitandaza mezani upande wake mweupe, na kuanza kuchora barabara.

"Tunatoka hapa Jumamosi, tukimaliza tu kusali alfajiri," alisema. "Chuo cha kwanza ni hiki cha ufundi. Tunalala kwa shangazi. Jumapili tunapita chuo cha ualimu, halafu tunazunguka huku, tunaona chuo cha kutunza nyaraka, na kabla ya magharibi tumerudi nyumbani."

"Na mimi nimewekwa wapi?" aliuliza bibi.

"Nyuma, bibi, karibu na dirisha."

"Nyuma! Mke mwenzangu, gari halijawashwa na umeshanirudisha nyuma?"

Wakacheka wote. Baba akaingia wakati huo huo, mikono imetoka kuoshwa lakini ingali inanuka petroli. Akaiinamia ile karatasi, akaitazama kwa muda, akachukua kalamu na kusahihisha kona moja. "Hapa pana daraja bovu. Piteni huku."

"Piteni, au tupite?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Tupite, mke wangu, tupite. Jumamosi. Nimesema."

Hajakaa bado, honi ikalia nje ya geti. Gari la mtu lilikuwa limegoma kuwaka. Fundi akairudisha kalamu mezani, akatoka, na chai yake ikapoa pale pale ilipomiminwa.

Niwaeleze sasa safari ile ilikuwa na uzito gani kwa binti. Fomu ya kuomba chuo ilikuwa na nafasi ya kuandika chuo kimoja tu, na mwisho wa kuirudisha ulikuwa wiki tatu mbele, siku ya Jumatatu. Moyo wake ulikuwa umeelekea ufundi. Alikuwa amekua akisikia vyuma vikigongwa, akimpimia baba yake mafuta kwa kikombe cha plastiki, akiwataja kwa majina spana na jeki kama wenzake wanavyowataja wanasesere. Lakini chuo kile cha ufundi kilikuwa kipya. Hapakuwa na mtu aliyemjua aliyesoma pale. Picha zake zilikuwa nzuri mno, na uzuri ule ndio uliomtia shaka.

Alimwambia mama yake peke yake: "Mimi sijui kuikagua karakana, mama. Baba akisimama ndani dakika tano atajua kama mashine zile zinafanya kazi au zimepangwa ili wageni wazione. Akisema ni nzima, pale pale nitamwambia nataka kuwa kama yeye. Usimwambie. Nataka nimtazame uso."

Mama akaahidi, na ahadi yake akaitunza.

Na baba yule si mlevi, ndugu zangu, wala si mcheza kamari. Katika safu ya kwanza msikitini utamkuta. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine, na ni vigumu kuutambua kwa sababu unavaa nguo za wema. Alipenda kushukuriwa na watu wa nje. Mteja akimwambia, "Fundi, bila wewe ningekwama," uso wake ulifunguka kama mlango. Nyumbani hakuna aliyemwambia maneno hayo, kwa kuwa nyumbani walikuwa wamekwama siku zote na wamezoea. Tena alikuwa na desturi moja: mteja mwenye haraka akikosa kifaa, alikifungua kifaa hicho katika gari lake mwenyewe, lile jeupe la familia lililoegeshwa kando ya gereji, akamfungia. "Nenda nacho. Kesho nitanunua kingine nikirudishe." Kesho hiyo ilikuwa na miguu mizito.

Jumamosi ya kwanza wakatoka wamevaa vizuri, kila mtu na mfuko wake. Bibi alikuwa na begi la mkono lililofungwa kwa kamba. Wakaingia. Fundi akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, akajipiga paji la uso.

"Betri! Jana nilimpa yule mwenye duka la vitambaa. Alikuwa na safari."

"Na sisi?" mama akauliza. "Sisi tulikuwa na nini?"

"Yake ilikuwa ya lazima."

Binti akashuka wa kwanza, akamfungulia bibi mlango, akambebea begi lake hadi chumbani. "Wiki ijayo, bibi." Na bibi akasema, "Haidhuru. Angalau tumekalia viti."

Jumamosi ya pili hawakufika hata kwenye viti. Gari walilikuta limeinamia mbele juu ya mawe, matairi mawili yamekwenda na daktari wa mifugo aliyepata pancha mbili kwa mpigo. Betri mpya ilikuwapo, ndiyo, ikimeta.

Mchana ule mama akatoa shauri lililo wazi. "Acha niende naye kwa basi. Wewe baki na kazi zako."

"Mke wa fundi na binti wa fundi wakae stendi wakigombea viti?" Fundi alikuja juu. "Watu wataniambia nini? Nimesema nitawapeleka, nitawapeleka. Bado kuna Jumamosi nzima."

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakutaka basi wala hakutaka mama peke yake. Mama hakuijua karakana kama yeye mwenyewe asivyoijua. Akarudi ndani polepole.

Katikati ya wiki iliyofuata nilikuwa nikitoka msikitini baada ya alasiri. Nikapita kando ya gereji, nikamwona binti ameketi ndani ya lile gari jeupe lililo juu ya mawe, kiti cha mbele, upande wa abiria, vioo vimepandishwa. Mikono ameiweka magotini, anatazama mbele. Mbele yake palikuwa na ukuta wangu na kamba ya kuanikia nguo. Nikagonga kioo.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Unafanya nini humo, mwanangu, na joto hili?"

"Nasafiri, Maalim."

Nikacheka. Mtu mzima mimi, ninayewafundisha watoto wa watu, nikacheka nikidhani ni utani wa kitoto, nikaenda zangu kunywa kahawa. Nilipogeuka mlangoni kwangu alikuwa bado ameketi vile vile. Nakiri mbele yenu kwamba hata leo nikifumba macho naiona shingo yake ilivyosimama wima katika kiti kile, na kiti cha dereva kando yake kitupu.

Wala hilo si kubwa kati ya makosa yangu. Ijumaa ile, kabla ya Jumamosi ya mwisho, gari langu lilichemka. Rejeta ilikuwa imetoboka, maji yote yamemwagika. Nami nilikuwa nimeitwa mji mwingine kwenda kupatanisha ndugu wawili waliogombania urithi. Nikamwendea Fundi. Akakuna kichwa, akatazama huku na huku, kisha akasema, "Usijali, Maalim. Ondoka na safari yako." Baada ya saa moja gari langu likawa zima. Sikuuliza rejeta imetoka wapi. Nilimshika mkono mbele ya watu waliotoka kusali, nikasema kwa sauti, "Huyu bwana ni hazina ya mtaa wetu!" Na yeye akafurahi, uso ukafunguka kama nilivyowaeleza.

Kesho yake, Jumamosi, mimi nikaondoka alfajiri. Niliwapatanisha wale ndugu wawili, wakakumbatiana, nikapewa dua nyingi. Wakati huo jirani zangu walikuwa wamesimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, wakitazama pengo.

Mama amenisimulia yaliyopita. Matairi yalikuwa yamerudi usiku wa kuamkia siku ile, kwa hiyo binti alikuwa amefurahi kuanzia alipoamka. Bibi alikuwa ameshaketi nyuma, dirishani, begi magotini. Fundi alipofungua boneti na kukumbuka, aliishusha taratibu kama anayefunika kitu kisiamke.

"Jamani," alisema, "nilimpa Maalim. Alikuwa na jambo la dini."

Binti akamtazama. "Sawa, baba."

"Jumatatu mapema nitaipata nyingine, tutakwenda hata kama..."

"Jumatatu fomu inafungwa, baba. Sawa. Si neno."

Akaingia ndani. Fundi akaitwa na mteja, akaenda. Bibi ndiye aliyekataa kushuka. Alikaa ndani ya gari lile hadi adhuhuri, jasho linamtiririka, mama akimbembeleza kwa dirisha.

"Mama, shuka ule."

"Sishuki. Nikishuka atadhani tumemsamehe."

Jumatatu asubuhi binti akaipeleka fomu gereji. Sehemu moja ilihitaji saini ya mzazi. Fundi alikuwa amejikunja juu ya injini ya mtu. Akaifuta mikono kwa kitambaa kisichofuta kitu, akaiweka fomu juu ya boneti na kusaini. Alama ya kidole gumba chake ikabaki pembeni, nyeusi, ya duara. Hakusoma mstari hata mmoja. "Nenda haraka wasifunge," alisema. "Na Mungu akujaalie."

Akajaaliwa. Barua ikaja, na siku ya kuondoka ikafika. Mama alimsindikiza kwa basi, basi lile lile lililokuwa aibu wiki chache kabla. Walipita gereji kuaga. Fundi alikuwa chini ya lori, mgongo ardhini, miguu tu ndiyo inayoonekana nje.

"Baba, naondoka."

"Ee, mwanangu! Siwezi kuachia hiki chuma, kitaniangukia. Safari njema! Ukifika upige simu!"

Binti akasimama kidogo. Akaitazama ile miguu, kandambili moja imechomoka. Akainama, akamrudishia kandambili mguuni, akaenda. Ndivyo alivyoagana na baba yake.

Sasa nyumba ile ikawa na utulivu wa aina mbaya. Mimi ninausikia utulivu ule kupitia ukutani. Cherehani inalia, inanyamaza, inalia tena. Bibi anakohoa. Zamani nilikuwa nikisikia maswali na vicheko, mtu akiuliza jambo na mwingine akimjibu kutoka chumba kingine. Nyumba isiyo na wa kuuliza haina pia wa kujibu, na watu watatu wakaishi ndani yake kama wapangaji wasiojuana.

Mwezi ukapita. Adhuhuri moja Fundi alikuja kula, akamwambia mkewe ili tu kuvunja ukimya, "Huko ualimu, ameanza vizuri?"

Mama akaondoa mguu katika cherehani.

"Ualimu?"

"Si chuo cha ualimu alikokwenda?"

"Mwanao anasoma kutunza nyaraka. Ni chuo cha mbali kuliko vyote. Umesaini mwenyewe." Akavuta pumzi. Ahadi aliyoitunza haikuwa na kazi tena. "Na alitaka ufundi, bwana. Alitaka kazi yako. Alikuwa anangoja uende ukamtazamie ile karakana, basi. Dakika tano. Ulipokosa kwenda, akaandika chuo ambacho hakikuhitaji jicho la mtu."

Fundi aliniambia kwamba tonge lilikuwa mkononi mwake, na hakukumbuka baadaye kama alilila au alilirudisha.

Siku nne hakupokea kazi. Wateja walipiga honi getini, wakachoka. Alilitengeneza gari jeupe lote, kuanzia breki hadi taa ya ndani. Alinunua rejeta mpya, ingawa mimi, nilipojua ilikotoka, nilikuwa nimeshamrudishia ya kwake kwa aibu nisiyoweza kuipima. Ijumaa jioni akasimama mlangoni mwa chumba cha mama yake.

"Mama, kesho tunakwenda kumwona mjukuu wako. Gari zima."

Bibi hakugeuka. "Nenda wewe. Mimi nimesafiri vya kutosha ndani ya gari hilo, wala sijawahi kufika."

Mkewe naye alikuwa na sare arobaini za kumaliza, au alisema hivyo. Basi Fundi akaondoka peke yake, viti vinne vitupu.

Kwanza alipita chuo cha ufundi. Akaomba kuiona karakana, na mwalimu mmoja mkarimu akamfungulia. Akasimama ndani. Mashine ya kuchonga vyuma alizungusha gurudumu lake kwa kidole, likaenda bila kukwaruza. Vifaa vilikuwa vimetumika, vimepakwa mafuta, vimetundikwa kila kimoja na kivuli chake kimechorwa ukutani. Hapakuwa na pambo hata moja. Dakika tano hazikutimia, akawa amejua. Ilikuwa karakana bora kuliko yoyote aliyopata kuingia maishani mwake. Mwalimu akamwuliza, "Una kijana unataka kumleta?" Akasema, "Hapana, nilichelewa," akatoka nje akakaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha.

Alifika kwa binti yake alasiri. Mlinzi wa geti akapitisha kidole katika daftari la wageni walioruhusiwa.

"Unamtafuta huyu? Ameandika mama na bibi. Wewe ni nani wake?"

"Baba yake."

Mlinzi akatazama tena juu hadi chini. "Baba humu hayumo. Kaa pale kwenye benchi, nitamwita."

Binti akaja, amevaa shati jeupe, vitabu kifuani. Akamwamkia kwa adabu, akauliza hali ya bibi, akauliza njia ilikuwaje. Alikuwa mpole kabisa. Fundi aliniambia kwamba laiti angefoka au kulia, angejua pa kuanzia.

"Mwanangu, nimepita kule chuo cha ufundi. Nimeingia karakana."

"Ndiyo, baba."

"Zile mashine ni nzima. Zote. Ni nzima kabisa."

Binti akatazama chini, akakunjua pembe ya daftari iliyojikunja. "Nashukuru kujua, baba."

"Twende tukamwone mkuu wao. Nitamwomba. Nitapiga magoti nikilazimika."

"Nafasi zao zimejaa na masomo yameanza. Tena hapa nimeshazoea." Kengele ikalia ndani. "Nina kipindi, baba. Ungesema unakuja ningeomba ruhusa. Lakini sikujua kama utakuja."

Hakulisema kwa kuchoma. Alilisema kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Akamshika baba yake mkono kwa mikono miwili, akaenda, na hakugeuka nyuma, si kwa hasira bali kwa sababu hakuwa na mazoea ya kugeuka na kumkuta yupo.

Fundi akabaki kwenye benchi. Wanafunzi wakapita mbele yake wawili wawili wakicheka. Akawa anamtafuta mmoja katika migongo yote ile, mpaka ua ukabaki mtupu. Mlinzi akaja, akasimama mbele yake, akasema kwa heshima:

"Mgeni, muda wa wageni umekwisha."

MAFUNZO

Ndugu zangu, kuwatendea wema watu ni ibada, wala sikuja kuwakataza. Lakini wema unaokatwa katika haki ya mtoto wako ukapelekwa kwa mpita njia si sadaka. Umempokonya mmoja ukamvika mwingine, na shukrani unazopokea mlangoni ni mali ya aliyekaa ndani akikungoja. Wa nyumbani hawapigi honi. Kwa kuwa wanavumilia, tunadhani hawana haraka. Na kwa kuwa wanasema "sawa, baba", tunadhani mambo ni sawa. Mtoto anapoacha kulalamika, mzazi asishukuru upesi. Na aogope, kwa maana huenda ameshafunga safari yake peke yake. Kinachowekwa mbele yako ukisaini, kisome. Mwanao akikuomba dakika tano, usimpe ahadi ya siku nzima. Mpe zile tano, leo, ungali na macho anayoyahitaji.

Na sisi tunaopokea wema wa wenzetu, tuulize umetoka wapi. Mimi niliondoka na safari ya mtoto ndani ya gari langu, nikamsifu aliyenipa. Nilirudisha chuma. Ile Jumamosi sina namna ya kuirudisha, na nitaulizwa juu yake siku nisiyoweza kumtuma mtu anijibie.

Fundi sasa huenda kule kila mwezi. Jina lake limeandikwa katika lile daftari, la tatu, chini ya bibi. Huketi kwenye benchi, huzungumza na binti yake nusu saa, kisha hurudi peke yake. Mwombeeni. Na kabla ya kumwombea, nendeni majumbani kwenu mkaulize ni nani anayewangoja.